Mbuni na Kisu: Historia ya Mti Unaolelewa Buhaya

Miongoni mwa sanaa za Wajapani zilizoenea ulimwenguni imo ile iitwayo bonsai, nayo ni kulea mti ndani ya chungu kipana kisichokuwa na kina. Mlezi huuchukua mche, aghalabu kutoka mwituni, akaupogoa, akayafunga matawi yake kwa waya ili yafuate njia anayoitaka, na kila baada ya miaka michache akautoa chunguni, akaupunguza mizizi na kuubadilishia udongo. Kwa malezi hayo mti huwa mzee bila ya kuwa mkubwa, na umri wake huupita umri wa yule aliyeuanza. Msonobari mmoja wa ukoo wa Yamaki wa Hiroshima, ulioanza kulelewa mwaka 1625, ulinusurika na bomu la atomiki la mwaka 1945, na mwaka 1976 ukatolewa zawadi kwa Marekani, ambako hadi leo unatunzwa mjini Washington.

Wahenga wetu waliposema kuwa udongo uuwahi ungali maji, waliieleza sehemu ya kwanza ya sanaa hiyo. Sehemu ya pili, ambayo ni kurejea kwenye mti uleule mwaka baada ya mwaka na kizazi baada ya kizazi, ina mfano wake hapahapa Afrika ya Mashariki. Magharibi ya Ziwa Viktoria, katika nchi ya Wahaya, Bukoba na Muleba za leo, kuna mti uliolelewa kwa kisu na samadi tangu zama za kale. Mti huo ni mbuni, yaani mti wa kahawa, wa aina ya robusta. Ukiachwa peke yake huweza kurefuka hadi kiasi cha mita 10. Ndani ya shamba la Mhaya hukaa mahali ambapo mkono wa mchumaji unafika.

Hata hivyo, iko tofauti moja kubwa baina ya miti hii miwili. Bonsai hulelewa ili itazamwe. Mbuni wa Buhaya umebeba heshima ya wafalme, ada za wageni, kodi za serikali na karo za watoto, na kwa sababu hiyo kisu chake hakikupata kuachiwa mlezi peke yake. Kila mamlaka iliyopita katika nchi ile ilitaka kuamua nani apande, nani akate na nani avune. Makala haya yanaifuata historia ya kisu hicho.

Tuanze na udongo. Anayeitazama Bukoba kutoka ziwani huiona nchi ya kijani, akadhani kuwa ardhi yake ni ya rutuba isiyokwisha. Ukweli ni kinyume cha hivyo. Mvua ya mji wa Bukoba inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na maji hayo huusuuza udongo na kuuondolea virutubisho vyake. Ardhi ya asili, ambayo wenyeji huiita rweya, ni nyika ya nyasi ambayo zamani ilifaa zaidi kwa malisho na kwa njugu mawe za kina mama. Penye rutuba ni kibanjani, na kibanja kimetengenezwa na watu. Hilo ni shamba linaloizunguka nyumba, lenye migomba juu, mibuni chini yake, na maharage chini ya mibuni. Ng'ombe walikula nyasi za rweya, na samadi yao ikazikwa kwenye mashina. Kina mama walikata nyasi, wakazitandika sakafuni, na zilipochakaa zikapelekwa shambani pamoja na majivu na maganda ya ndizi. Mlezi wa bonsai huutoa mti katika udongo uliochoka akautia katika udongo mpya. Mhaya huuacha mti mahali pake, akauletea udongo mpya kutoka kilimani.

Kazi hiyo haikomi. Mizizi mingi ya robusta hukaa karibu na uso wa ardhi, na kibanja kisichotandazwa nyasi kwa miaka michache huanza kurudi kuwa rweya. Sotoka ilipoua mifugo katika miaka ya 1890, hasara haikuwa ya nyama na maziwa tu. Migomba na mibuni nayo ilikosa chakula chake. Aidha, kibanjani ndimo wanamozikwa wazee. Mtu anaposimama chini ya mbuni alioupanda babu yake, babu mwenyewe aghalabu yumo hatua chache kutoka hapo, na jambo hili ndilo linalofafanua ukali wa magomvi tutakayoyaona mbele.

Katika zama za Bakama, yaani wafalme wa Kiziba, Kianja, Ihangiro na dola nyingine za Buhaya, mbuni haukuwa mti wa kila mtu. Kuupanda kulikuwa chini ya mamlaka ya Mukama, na mavuno yake yalikuwa sehemu ya heshima iliyopanda kwenda ikulu na kushuka kama tunu. Wakati huo hakuna aliyeikoroga kahawa katika maji. Matunda yalichumwa yangali mabichi, yakachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakakaushwa na kuwekwa ili yatafunwe. Kahawa hiyo, iitwayo akamwani, hadi leo huuzwa sokoni Bukoba na hupewa mgeni kabla ya maneno mengine. Msomaji wa pwani aliyezoea kahawa chungu ya dele na kipande cha kashata atatambua adabu ileile kwa sura nyingine.

Tunda la kahawa lina punje mbili zilizolaliana ndani ya ganda moja, na Wahaya waliliona hilo. Watu wawili walipotaka kuchanjiana, waligawana punje za tunda moja, kila mmoja akaipaka punje yake damu yake, na mwenziwe akaimeza. Baada ya hapo walikuwa ndugu, na dhuluma baina yao ilikuwa na adhabu isiyohitaji hakimu.

Tuizingatie pia namna ya kuuzalisha mti wenyewe. Punje iliyochemshwa haioti, na kwa hivyo kahawa iliyotembea kutoka mkono hadi mkono haikuweza kuwa shamba mahali pengine. Mti mpya ulitokana na mti wa zamani. Tawi la chini liliinamishwa hadi ardhini, likafunikwa udongo, likaachwa mpaka liote mizizi yake, ndipo likakatwa kutoka kwa mama na kuhamishwa. Njia hii ilikuwa na hekima yake. Robusta haijichavushi, ua lake linahitaji chavua ya mti mwingine, na mche wa mbegu huweza kutofautiana sana na mama yake. Mche wa tawi ni mama yuleyule katika mwili mpya. Aliyekuwa na mti mzuri aliweza kuurithisha bila ya kuupoteza, na aliyekuwa na mamlaka juu ya matawi alikuwa na mamlaka juu ya mashamba.

Wafanyabiashara wa pwani waliijua nchi hii ya kahawa kabla ya wakoloni. Katika karne ya 19 walikuwa na kituo chao Kafuro, katika dola jirani ya Karagwe, njiani baina ya Tabora na Buganda. Biashara yao kubwa ilikuwa pembe za ndovu na watumwa. Kahawa ilikuwa kitu cha kupewa barazani kwa Mukama. Mambo yaligeuka kwa kasi baadaye. Mwaka 1890 Emin Pasha, akiwatumikia Wajerumani, alijenga kituo Bukoba. Mwaka 1901 reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu, na meli za ziwani zikaanza kuuunganisha ufuko wa Bukoba na reli hiyo. Mti ambao matunda yake yalikuwa tunu ya ikulu sasa ulikuwa na soko ng'ambo ya bahari.

Wajerumani walitaka kahawa iwe nyingi, na walitaka kodi ilipwe kwa fedha. Miiko ya Bakama juu ya kupanda ikalegezwa, mbegu na miche ikagawiwa, na robusta ya kale ikapata jirani mgeni, arabika. Pamoja na hayo, watawala wa jadi hawakuondoka mikono mitupu. Chini ya utaratibu wa nyarubanja, Mukama na wakubwa wake walimiliki maeneo makubwa ambayo wakaazi wake walikuwa wapangaji. Kahawa ilipokuwa fedha, thamani ya nyarubanja ilipanda, na wakulima wengi walijikuta wanailea mibuni waliyoipanda wenyewe juu ya ardhi iliyoandikwa kwa jina la mwingine. Mpangaji aliyefukuzwa hakuweza kuondoka na mti wake. Miaka yake ya kupogoa na kubeba samadi ilibaki ardhini kwa faida ya mwenye ardhi. Serikali ya Tanzania huru ilipopitisha sheria ya mwaka 1965 ya kuwakomboa wapangaji wa nyarubanja, haki ya mlezi juu ya mti wake ndiyo iliyokuwa kiini cha shauri.

Waingereza walipoitwaa nchi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kisu kilipata msimamizi mwingine, naye ni bwana shamba. Katika miaka ya 1930 wakulima walikuwa wameanza kujikusanya. Klemens Kiiza aliongoza chama cha wakulima wenyeji kilichotaka kuuza kahawa bila ya kupitia kwa wachuuzi. Wakati huohuo serikali ilitunga kanuni za utunzaji wa mibuni. Kwa karatasi, kanuni hizo zilikuwa na mantiki. Mti wenye mashina mengi yaliyobanana huzaa kidogo, na kahawa iliyokaushwa vibaya hushusha bei. Lakini mkulima aliona mgeni anaingia kibanjani, penye nyumba na makaburi yake, kumwelekeza namna ya kuushika mti ulioshikwa na baba zake, na nyuma ya mgeni huyo akaona adhabu. Mwaka 1937 Bukoba ililipuka kwa mikutano ya upinzani na ghasia, na watu wakakamatwa. Wasomaji wa visiwani watakumbuka kuwa mwaka huohuo Zanzibar nayo ilikuwa katika mgogoro wa karafuu, wafanyabiashara wa Kihindi walipogomea sheria zilizokipa chama kimoja udhibiti wa zao hilo. Waliogombana Zanzibar walikuwa wengine na shabaha yao ilikuwa nyingine. Lakini swali la nani ana kauli juu ya zao la mti lilikuwa limezifikia pande zote mbili.

Somo hilo halikueleweka upesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 amri za kung'oa migomba iliyoshambuliwa na fukusi zilizusha upinzani mwingine, safari hii kitovu chake kikiwa Kamachumu, katika Muleba ya leo. Ali Migeyo, mfanyabiashara na mwanasiasa ambaye baadaye alikuwa mmoja wa nguzo za TANU katika sehemu zile, aliwasemea wakulima na akaonja jela. Fukusi walikuwapo kweli, na migomba ilikuwa mgonjwa kweli. Serikali ilisahau kuwa mgomba ni kivuli cha mbuni na chakula cha mwenye mbuni, na kwamba hakuna anayekubali kukatiwa mti na mtu asiyeula.

Ushindi wa wakulima ulikuja kwa njia ya ushirika. Mwaka 1950 kilianzishwa chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, na kwa muda mrefu kahawa ilijenga shule, makanisa, misikiti na nyumba za bati. Kisha, mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini kote, na viliporudishwa katika miaka ya 1980 imani ya wakulima ilikuwa imepungua. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa hisa za mauzo ya kahawa ulivunjika, na bei ikaporomoka. Bei inapoanguka mkulima hahitaji kung'oa mti. Huacha tu kuupogoa. Machipukizi hurefuka, matawi ya chini hukauka, na mbuni unarudi kuwa mti wa mwituni.

Katika miaka hiyohiyo ulikuja msiba mzito kuliko bei. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa Tanzania walipatikana Kagera mwaka 1983. Maradhi hayo yaliwachukua watu wa makamo, wale waliokuwa katikati ya mababu na wajukuu, na vibanja vingi vikabaki mikononi mwa bibi na watoto. Malezi ya mti hayafundishwi kwa hotuba. Mtoto hufuatana na mzazi, huona ni chipukizi lipi linaachwa na lipi linaondolewa, na baada ya misimu kadhaa hupewa kisu. Pale ambapo mzazi alikosekana, mti ulibaki na mwalimu akawa ameondoka.

Wajane na mabinti waliobaki walikabiliwa na jambo jingine. Mila ya Wahaya, ambayo Cory na Hartnoll waliiandika katika kitabu chao cha mwaka 1945, ilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo bila ya kuwa na mamlaka ya kuiuza. Aliweza kuulea mbuni maisha yake yote, lakini kauli ya mwisho ilikuwa ya wanaume wa ukoo. Mwaka 1990 shauri la mwanamke mmoja wa Kihaya, aliyerithishwa shamba na baba yake kwa wosia kisha akaliuza, lilifika Mahakama Kuu, Mwanza. Jaji James Mwalusanya aliamua kuwa mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizomo katika Katiba, na kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume. Hukumu hiyo inanukuliwa hadi leo na wanasheria wa nchi nyingi. Huko vibanjani bado inapambana na mazoea, kwani koo nyingi huona kuwa kuuza kibanja ni kuuza makaburi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kisu chenyewe kiligeuka kuwa mshukiwa. Mnyauko wa kahawa, ugonjwa wa kuvu ambao tayari ulikuwa umeiangamiza mibuni mingi ya Kongo na Uganda, ulithibitika Kagera mwaka 1997. Kuvu huyo huingia kupitia kidonda cha gome, na panga lililokata mti mgonjwa humbeba hadi mti mzima. Majani hunyauka upande mmoja, kisha upande wa pili, na mti wa miaka 50 hufa katika kipindi cha miezi. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba, unaosababishwa na bakteria, uligunduliwa Muleba, ikiwa ni mara ya kwanza kuripotiwa Tanzania. Nao huenea kwa visu na mapanga. Mlezi aliyefundishwa kuwa kupogoa ni uhai wa mti alipaswa sasa kujifunza kukipitisha kisu motoni kabla ya kukigusisha shina la pili.

Jibu la wataalamu lilikuwa na sura ya zamani. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 2001 na yenye kituo chake kidogo Maruku, karibu na Bukoba, ilitafuta ndani ya mashamba mibuni ya robusta iliyosalia hai wakati majirani zake imekufa. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 2011 zilitolewa aina nne zenye ukinzani: Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 na Muleba 1. Aina hizo huzalishwa kwa vikonyo, kwa sababu mbegu ingeupoteza ukinzani. Shina la mti mama huinamishwa ili machipukizi yasimame wima juu yake, machipukizi hukatwa vipande, na vipande huwekwa kwenye unyevu mpaka viote mizizi. Kwa maneno mengine, maarifa ya tawi lililoinamishwa, yaliyokuwa siri ya mashamba ya Bakama, yamerudi kwa mlango wa maabara, na safari hii yanagawiwa kwa anayeyataka.

Tunapoitazama historia hii kwa ujumla, tunaona kuwa mbuni uliteseka zaidi kila pale mwenye kisu alipotenganishwa na mwenye mavuno. Mpangaji wa nyarubanja, mkulima wa mwaka 1937, binti wa ukoo asiyekuwa na kauli, wote waliulea mti ambao hatima yake iliamuliwa na wengine. Mti wa namna hii hautaki mapenzi ya siku moja. Unataka mtu mwenye hakika kuwa baada ya miaka 10 bado atakuwa na haki ya kusimama chini yake.

Leo vijana wengi wa Bukoba na Muleba wapo Mwanza, Dar es Salaam na kwingineko, na vibanja vimegawanywa kwa warithi hata vikawa vyembamba. Nyasi za rweya nazo zimekuwa haba, kwani sehemu kubwa imepandwa misonobari na mikaratusi au kuzibwa na majengo. Wazee wanaoweza kulitazama shina na kusema lilikatwa lini na nani bado wapo, ingawa idadi yao inapungua. Maneno yao ya Kihaya kwa kila hatua ya malezi, kuanzia tawi linalozikwa hadi kisiki kinachohuishwa, yanastahili kuandikwa sasa, na waandikaji wazuri kuliko wote ni wajukuu wao, kabla ya kisu kubaki ukutani bila ya mtu wa kueleza matumizi yake.